Paka Aliyehasiwa Bado Anakojolea Magunia? Soma Kabla Hujamfukuza



Msimu wa kahawa ukianza huku Mbinga, maswali ninayoulizwa hubadilika. Wakati wa masika naulizwa kideri cha kuku na minyoo ya nguruwe. Kuanzia mwezi wa sita, mahindi yakiwa yameingia ndani na kahawa ikianza kuanikwa, naulizwa habari za paka. Swali lenyewe huwa hivi: "Bwana mifugo, paka wangu dume nilishamhasi ili atulie. Mbona bado anakojolea ukuta na magunia?"

Wengine huuliza huku wanacheka, wakijua kwamba sikuletwa kijijini kwa ajili ya paka. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe, nguruwe, mbuzi na kuku. Lakini swali hili silichukulii kama mzaha, na wewe pia usilichukulie hivyo, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mali yako. Kahawa kavu huvuta harufu ya kitu chochote kilicho karibu nayo: mafuta ya taa, dizeli, dawa za shambani, na mkojo. Ukiipeleka kwenye chama cha msingi, anayepokea huishika, huitazama na huinusa. Gunia lenye harufu mbaya linaweza kukataliwa au kushushwa daraja, na likipenya likachanganywa na kahawa ya wenzako, umewaharibia na wao. Kwa ndugu zetu wa ziwani wanaouza dagaa hali ni hiyo hiyo. Mteja akinusa mkojo kwenye gunia moja, hanunui hata yale mazima.

Sababu ya pili ni paka mwenyewe. Paka wa kwetu ni mfanyakazi. Ukimfukuza mwezi wa saba, mwezi wa nane panya wanahesabu magunia yako. Halafu utanunua sumu ya panya, utaiweka karibu na chakula cha watoto, na kuku wa jirani akifa mtaanza ugomvi mwingine.

Kwa hiyo ninachotaka kukuambia leo ni kimoja. Paka aliyehasiwa anayerusha mkojo hana kiburi wala hajarogwa. Ama ni mgonjwa, ama hakuhasiwa sawasawa, ama kuna kitu kinachomtia hofu katika eneo lake. Ukijua ni kipi kati ya hivyo vitatu, mara nyingi tatizo linaisha au linapungua sana. Usipojua, utampiga na atazidisha.

KWANZA: MTAZAME ANAVYOKOJOA

Kabla ya kitu chochote, simama kimya umwangalie. Kuna namna mbili.

Namna ya kwanza, paka anasimama wima, anageuza matako kuelekea ukuta, nguzo au gunia, anainua mkia na mkia unatetemeka. Mkojo unatoka kidogo tu, unaruka kwa nyuma na kutua juu kidogo ya ardhi, kisha unachuruzika. Huko ndiko kurusha mkojo. Paka anaweka alama, kama wewe unavyopanda miti kuonyesha mpaka wa shamba lako.

Namna ya pili, paka anachuchumaa na mkojo unabaki sakafuni. Huyo haweki alama, anajisaidia. Huenda mahali pake pa kujisaidia pamechafuka, pamezibwa, au pana mbwa. Lakini pia huenda anaumwa, na hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

PILI: HAKIKISHA HAUMWI

Paka dume ana njia ya mkojo nyembamba sana. Chembe za madini na ute vikijikusanya kwenye kibofu vinaweza kuiziba. Paka wa aina hiyo huchuchumaa mara nyingi, tena sehemu zisizo za kawaida, hujikaza, hulia, hulamba sehemu zake za siri, na huacha matone tu au haachi kitu. Mkojo unaweza kuwa na damu. Baadaye anaacha kula, anatapika, na tumbo la chini ukiligusa ni gumu kama ndimu.

Njia ikiziba kabisa, sumu ambayo ingetoka na mkojo inarudi kwenye damu. Paka anaweza kufa ndani ya siku moja mpaka tatu. Hiyo ni dharura, kama ng'ombe aliyevimba tumbo.

Mama mmoja anayeuza dagaa Mbamba Bay alinipigia simu jioni. Alisema paka wake ana adabu mbaya, siku ya tatu anachuchumaa juu ya magunia, akifukuzwa anahamia jikoni, akipigwa analia lakini anarudia. Nilimuuliza swali moja: "Mama, huo mkojo umeuona?" Akanyamaza. Akasema kwa kweli gunia halijalowa, ila anamwona amechuchumaa. Nikamwambia aache kumpiga, amfunge kwenye kikapu chenye nguo, atafute daktari wa mifugo usiku ule ule. Alihangaika na simu mpaka usiku mwingi. Asubuhi paka alikuwa amekufa. Aliniambia, "Nimempiga mgonjwa." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya pole, ila alinipa ruhusa nilisimulie jambo hili ili wengine wajue.

Kwa hiyo chukua hili: paka dume anayechuchumaa na kujikaza bila mkojo kutoka, hasubiri kesho. Usimminye tumbo ukidhani unamsaidia, kibofu kinaweza kupasuka. Usimpe vidonge vya binadamu. Panadol, hata kipande kidogo, ni sumu kali kwa paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu. Daktari ndiye mwenye mrija mwembamba wa kuzibua njia na dawa ya kumtuliza wakati wa kazi hiyo.

Kinga ipo, na ni rahisi. Paka wengi wa ziwani hula dagaa wakavu tupu. Dagaa ni chakula kizuri, lakini wakavu hawana maji na wana madini mengi. Waloweke kwenye maji kwanza, umwage maji ya chumvi, kisha umpe wakiwa laini, au changanya ugali na supu ya samaki isiyo na chumvi wala vitunguu. Vitunguu humharibu paka damu. Bakuli la maji safi liwepo wakati wote, na liwe mbali kidogo na chakula. Paka wengi hupenda hivyo.

TATU: JE, ALIHASIWA KWELI?

Swali hili huwaudhi watu, lakini nauliza kila mara. Vijijini wapo mafundi wa kuhasi wanaotumia wembe, bila ganzi, paka ameingizwa kichwa kwenye gunia au buti. Mbali na ukatili wake, kazi hiyo mara nyingine hubakiza korodani moja. Na wapo paka ambao korodani moja haikushuka tangu kuzaliwa, imejificha tumboni au kwenye kinena. Fundi anatoa ile anayoiona, mwenye paka anajua kazi imeisha, kumbe ile iliyobaki inaendelea kutengeneza homoni za udume.

Dalili zake utazijua: mkojo una harufu kali sana ya dume, anazurura usiku, anarudi na majeraha ya kupigana, anawapanda majike. Paka kama huyo anahitaji daktari wa mifugo amkague na amalizie kazi.

Kama alihasiwa vizuri, jiulize ni lini. Homoni haziishi siku ile ile. Wengi huacha kurusha mkojo baada ya wiki chache, na wachache huchukua miezi. Tafiti zilizofanyika Marekani miaka ya 1970 na 1980 zilionyesha kwamba kuhasi huondoa au hupunguza sana tabia hii kwa karibu madume 9 kati ya 10. Maana yake dume 1 kati ya 10 anaweza kuendelea ingawa amehasiwa vizuri kabisa. Hata majike waliofungwa kizazi wanaweza, karibu 1 kati ya 20. Kwa hiyo usimdai pesa zako daktari kabla hujasoma sehemu inayofuata.

NNE: MTAFUTE ANAYEMTISHA

Paka haoni nyumba yako kama wewe unavyoiona. Yeye anaijua kwa harufu. Anasugua mashavu kwenye mlango, miguu ya meza na miguu yako, na kila akipita ananusa harufu yake na kutulia. Harufu ngeni ikiingia, anapata wasiwasi, na njia mojawapo ya kujituliza ni kuweka alama kali zaidi, yaani mkojo.

Sasa fikiria nyumba ya mkulima wa Mbinga mwezi wa saba. Baridi ni kali, milango inafungwa mapema, na paka anashinda ndani karibu na moto. Vibarua wa kuchuma kahawa wanaingia na kutoka. Magunia yaliyonunuliwa mjini au kuazimwa kwa jirani yanaletwa, na paka wa huko alishayalalia au kuyakojolea. Panya wamejaa ghalani, na paka shume wa kijiji kizima wanawafuata. Kwa paka wako, mambo yote aliyoyazoea yamegeuka ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana swali hili linanijia msimu wa mavuno kuliko wakati mwingine.

Mzee mmoja wa huku juu milimani alikuwa ameshaandaa gunia la kumtupia paka wake mbali, avuke mto asirudi. Paka alikuwa amerushia mkojo magunia mawili ya kahawa, na mzee alisema mnyama huyo amemchoka. Mke wake alikataa. Alisema mwaka kabla hawajampata yule paka, panya walitoboa magunia ya mahindi mpaka wakala ya mbegu. Nilipofika niliwakuta hawasemeshani.

Niliwaomba siku tatu tu. Jioni tulitandaza majivu laini ya jikoni kwenye kizingiti, chini ya dirisha la ghala, na juu ya ukuta pale palipo na upenyo kati ya tofali na bati. Asubuhi ya pili tukakuta nyayo juu ya ukuta, kubwa kuliko za paka wa nyumbani. Paka shume alikuwa anaingia kwa juu usiku, anakula panya na mabaki ya ugali, na yule wa nyumbani kila asubuhi alikuwa anapitia njia yake akijaribu kufuta harufu ya mgeni kwa mkojo wake. Magunia mawili yaliyoharibika ndiyo yaliyokuwa chini ya upenyo ule.

Mzee aliziba upenyo kwa wavu wa kuku na vipande vya mbao. Chakula cha paka kiliacha kulazwa nje. Magunia yalihamishwa. Paka hakuacha siku ile ile. Wiki ya kwanza alirusha mara nne, ya pili mara mbili, na baada ya mwezi na nusu mama aliniambia hajaona tena. Waliandika kwenye daftari la shule la mjukuu wao, na hilo ndilo lililompa mzee uvumilivu: aliona hesabu inashuka.

Wewe nawe jaribu majivu. Na kama una paka zaidi ya mmoja, angalia kama mmoja anamzuia mwenzake mlangoni au kwenye chakula. Wape mabakuli tofauti, sehemu tofauti, na sehemu tofauti za kulala, nyingine ziwe juu.

TANO: OSHA VIZURI, USIONGEZE SUMU

Alama yenye harufu humwita paka airudie. Lakini namna ya kuosha ndiyo wengi wanakosea.

Usitumie Jik juu ya mkojo. Vikikutana hutoa mvuke unaowasha macho na kifua, na ghalani hakuna hewa ya kutosha. Usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu inanukia kama mkojo na itamchochea arudie. Usimwage mafuta ya taa wala dizeli. Paka ataondoka, lakini kahawa itanuka. Usipake dawa ya kuogeshea ng'ombe ukutani wala kwenye mwili wa paka. Paka hujilamba manyoya, na dawa nyingi za kupe zinazovumiliwa na ng'ombe humuua. Hali kadhalika dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini.

Fanya hivi. Kwenye tofali, saruji au mbao, sugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, suuza kwa maji safi, acha pakauke kabisa, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vidonda. Spiriti inashika moto, kwa hiyo kibatari na jiko viwe mbali, na fungua milango. Kwenye ukuta au sakafu ya udongo, maji hayatasaidia. Kwangua udongo ulioloa, utupe mbali, upige udongo mpya.

Magunia yaliyopata mkojo yafue yaanikwe juani, au yatumie kwa mbolea. Yasirudi kwenye kahawa. Kahawa au mahindi yaliyoloa yatenge na uyatupe. Usiyachanganye na mazuri ukitumaini harufu itapotea. Kwa dagaa hivyo hivyo: waliopata mkojo si chakula cha kuuziwa mtu.

SITA: PANGA GHALA NA MPE PAKA NAFASI YAKE

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta angalau nusu mita, ili uweze kupita na kuona panya na alama za paka. Mahindi ya chakula yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya bati kama unaweza. Panya wakikosa chakula, paka shume nao hawana cha kufuata. Wa ziwani, aniken dagaa kwenye vichanja vilivyoinuliwa, msianike juu ya mchanga. Kwa paka, mchanga laini ni choo, hajui kwamba hapo ni kwenye biashara yako.

Mpe paka choo chake: beseni pana lenye mchanga au maranda ya mbao, mahali patulivu, mbali na chakula. Kila siku toa kinyesi. Kazi hiyo asifanye mama mjamzito, maana kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto tumboni. Kama paka ni wawili, weka mabeseni matatu.

Pale alipozoea kurusha mkojo, pakishaoshwa na kukauka, weka bakuli lake la chakula au nguo anayolalia. Paka hapendi kukojolea anapokula. Unaweza pia kumpapasa mashavuni kwa kitambaa safi, kisha ukakifuta pale ukutani, ili anuse harufu yake mwenyewe ya utulivu.

Magunia mapya au ya kuazima yafue na kuyaanika kabla hayajaingia ghalani.

Na usimpige. Usimsugue pua kwenye mkojo. Paka hawezi kuunganisha kipigo cha saa hizi na mkojo wa usiku. Anachojifunza ni kwamba na wewe ni wa kuogopwa, na hofu ndiyo iliyomfanya aanze. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na paka yumo.

UKISHAFANYA HAYA YOTE

Jipe mwezi mmoja mpaka mmoja na nusu. Andika kwenye daftari kila mara unapoona mkojo: siku, mahali, na kilichotokea siku hiyo, kama kuna mgeni, magunia mapya au paka aliyepigana. Hesabu ikishuka, endelea. Isiposhuka, njoo na daftari hilo kwa afisa mifugo wa kata yako, naye atakuunganisha na daktari wa mifugo. Zipo dawa za kutuliza wasiwasi ambazo huwasaidia paka wa namna hii, lakini ni daktari anayezipima na kuzisimamia.

Siku unapomleta, uliza pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka wanaopigana hung'atana, na ugonjwa huo hupita kwa mate. Kama paka wako amebadilika ghafla, anashambulia watu, anatokwa mate au anashindwa kumeza, usimshike. Mfungie mlango, utoe taarifa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo.

Ofisi yangu iko wazi asubuhi siku za kazi, na siku za gulio hunipata pale pale sokoni. Msimu mwema wa kahawa kwenu wa juu, na dagaa wengi kwenu wa ziwani.